Spoila ya mbele ya faiba kwenye Datsun 240Z: kifaa chenyewe, ufungaji wake na miezi saba ya barabara ya Arusha–Moshi

Aliyewahi kuendesha Datsun 240Z katika mnyoofu unaoanzia Kikatiti na kupita njia panda ya KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, anaijua hali ninayotaka kuieleza. Mpaka kilomita 80 kwa saa gari hutii kila kinachoombwa na mikono. Kuanzia kilomita 100 usukani huanza kuwa mwepesi, na likija basi kutoka Moshi likapishana nawe, pua ya gari husogea kuelekea ukingoni kabla hujaamua lolote. Kwa miaka minne niliamini kwamba huo ni uchakavu wa kawaida wa gari la umri wake. Nilibadilisha bushi za mikono ya chini, tairodi na shokapu zote nne, nikapima alaimenti mara mbili, na hali ikapungua bila kwisha. Ndipo nilipokubali jambo ambalo wenye magari haya wamekuwa wakilisema kwa miaka mingi, kwamba umbo la mbele la 240Z huruhusu upepo mwingi mno kuingia chini ya gari. Hapa nataka kutathmini dawa niliyoichagua, yaani spoila ya mbele, ukuta mfupi wa faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini) unaofungwa chini ya bampa, pamoja na kazi ya mafundi wawili walioifunga kwa nyakati tofauti. Niseme mapema kwamba spoila hii inafanya kazi, lakini kama ilivyotoka kwenye boksi lake haifai kwa barabara zetu, na karibu thamani yake yote inategemea mikono ya anayeifunga.

Gari hili la Kijapani lilizinduliwa mwaka 1969, nalo lina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na uzito unaozidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Sisi wa Afrika Mashariki tunalikumbuka zaidi kwa Safari Rally, ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971 huku Shekhar Mehta akiwa wa pili, kisha Mehta mwenyewe akashinda nalo mwaka 1973 akiwa na Lofty Drews. Kwa sababu ya historia hiyo, wapo wanaoniuliza kwa nini naliongezea gari langu kitu ambacho magari yale ya Safari hayakuwa nacho. Jibu ni kwamba madereva wale walihitaji nafasi chini ya gari kuliko walivyohitaji kitu kingine chochote, kwa kuwa njia zao zilikuwa za matope, mawe na makorongo, na ukuta wa faiba chini ya bampa ungevunjika siku ya kwanza. Umbo la spoila ninayoizungumzia lilitoka kwenye mbio za viwanja vya lami nchini Marekani, katika timu ya BRE ya Peter Brock, ambayo dereva wake John Morton alitwaa ubingwa wa SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani, wa daraja la C Production kwa 240Z mwaka 1970 na 1971. Nissan nao walitoa kwa soko la Japani toleo la 240ZG lililoongezewa pua ndefu ya kupasua upepo. Gari langu halishindani popote. Linakwenda Moshi na kurudi karibu kila Jumamosi, na safari nzima ni ya lami, hivyo niliona kwamba ninalopaswa kujifunza ni la watu wa lami.

Kazi ya spoila ya mbele si ngumu kuieleza. Gari linapokwenda, upepo unaokutana na pua hugawanyika, mwingine ukapanda juu ya boneti na mwingine ukaingia chini. Ule wa chini hukutana na injini, mhimili wa mbele, mabomba na kila kilichojitokeza, ukakwama na kujilimbikiza, na shinikizo lake huisukuma pua juu. Vilevile upepo ulioingia kupitia shoo (wavu wa mbele ya gari) na rejeta hukosa pa kutokea, ukabaki chini ya boneti ukiongeza msukumo huohuo. Spoila ni ukuta mfupi unaoning'inia chini ya bampa ambao huupunguza upepo unaoingia chini, na nyuma ya ukuta huo shinikizo hushuka, hivyo pua hupunguziwa msukumo na rejeta hupata njia nzuri zaidi ya kutolea hewa. Nguvu za upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo, maana yake mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nne, na hiyo ndiyo sababu dereva wa mjini anaweza kuishi na 240Z maisha yake yote bila kuona tatizo lolote. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kwa nane. Kwa hiyo huku msukumo wa upepo ni mdogo kidogo kuliko Dar es Salaam, lakini hewa hiyohiyo nyepesi hupoza rejeta kwa udhaifu zaidi, na maji ya wazi huchemka huku kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mwenye gari la zamani huku kwetu ana sababu mbili za kuujali upepo wa mbele, na sababu ya pili ndiyo inayosahaulika.

Sasa nije kwenye kifaa. Niliagiza nakala ya umbo la BRE kutoka nje ya nchi kwa dola 240, na usafirishaji pamoja na kodi vikakaribia bei hiyohiyo. Sitamtaja muuzaji. Boksi lilifika Dar es Salaam, likapandishwa basi kama kifurushi, na nilipolifungua nyumbani Njiro nilikuta kipande kimoja kirefu cha faiba chenye uzito wa kilo tatu na kidogo, kilichopakwa tabaka jeusi linalong'aa upande wa mbele na kuachwa na nyuzi zake wazi upande wa nyuma. Hakukuwa na boliti, hakukuwa na matundu, na karatasi ya maelekezo ilikuwa moja isiyo na kipimo hata kimoja. Nilipoipima kingo zake kwa kalipa, unene ulikuwa milimita tatu mahali pengine na milimita sita mahali pengine. Kubwa zaidi ni kwamba kipande kilikuwa kimepinda. Nilipokiegemeza chini ya bampa na kukilinganisha upande wa kulia, ncha ya kushoto ilikaa milimita 14 mbali na fenda. Nadhani kilitolewa kwenye kalibu yake kabla resini haijakauka vyema, kisha kikahifadhiwa kimelazwa vibaya. Kwa bei ile sikuutegemea ubora wa kiwandani, lakini nilitegemea kwamba pande mbili za kitu kimoja zingelingana, na kwa hilo naipunguzia bidhaa hii alama bila kusita.

Ufungaji wa kwanza ulikuwa kosa, na ninaueleza kwa sababu wengi wataufuata kwa kuwa ni wa haraka na wa bei nafuu. Gereji niliyoanzia iliifunga spoila kwa saa mbili, kwa shilingi 40,000, kwa riveti za alumini 11. Fundi aliiegemeza, akaivuta ncha ya kushoto kwa nguvu mpaka ikagusa fenda, akatoboa na kupiga riveti. Ilionekana nzuri siku hiyo na nilimshukuru. Siku ya tatu, nikiwa Maji ya Chai, nilivuka tuta kwa mwendo wa pole kabisa na nikasikia mlio mkavu kama wa kuni inayovunjwa. Kwenye tundu la riveti ya pili kutoka kushoto kulikuwa na ufa uliotawanyika pande nne, na ufa mmoja ulikuwa umeshafika kwenye ukingo wa chini. Tuta halikuwa limegusa kitu. Faiba iliyovutwa kwa nguvu hubaki na mkazo ndani yake saa zote hata gari likiwa limeegeshwa, na mkazo huo hukusanyika kwenye tundu dogo lililobanwa sawasawa na riveti, ili mtikisiko wa kwanza unaotosha uukute mkazo ukiusubiri. Bati hukubali kuvutwa likakaa, lakini faiba haikubali, na fundi aliyezoea bati peke yake hana budi kuambiwa hivyo mapema.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Yuko mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, katika uwanja wenye kuta za mabati, na hufanya kazi na kijana mmoja tu. Ameniomba nisiandike jina lake wala la gereji yake kwa sababu hapendi kupokea magari mengi kuliko anayoweza kuyamaliza, na ninaheshimu ombi hilo ingawa lingenifurahisha kumtaja. Ni mzee aliyejifunza faiba kwa kutengeneza matangi na mabodi ya magari ya watalii. Nilipomwamkia na kumwonyesha ufa, hakuugusa kwanza. Alipiga magoti mbele ya gari, akatazama chini kwa muda mrefu, kisha akaniuliza safari zangu ni za wapi, napakia nini na huwa niko na nani ndani. Nilipomjibu akasema, "Mwanangu, huyu aliyekufungia hakukosea kufunga, alikosea kutopima. Kitu hiki kikikaa hapa kilivyo, hata nikikutengenezea ufa leo, tuta la Usa River litakurudisha kwangu kabla ya Jumapili." Akaniambia nirudi kesho yake nikiwa na tangi limejaa, tairi zikiwa na upepo wa kawaida ya safari, na mtu wa kukaa kiti cha pili.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Asubuhi ile hakuichukua spoila kabisa. Alikata karatasi ngumu ya boksi kwa umbo la spoila nzima, akaibandika chini ya bampa kwa utepe wa karatasi wanaoutumia mafundi rangi, akachora juu yake mistari ya kalamu kila baada ya sentimita moja kutoka chini kwenda juu. Kisha akatuambia tupande, yeye akapanda nyuma ya pikipiki ya kijana wake na kutufuata, na tukavuka matuta matatu ya jirani, kila moja mara mbili: mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, mara ya pili kwa kukanyaga breki kidogo wakati pua inashuka, kama dereva yeyote anavyofanya mtoto akikatiza barabara. Karatasi ilirudi imechubuka. Kwa spoila kama ilivyokuwa, ukingo wa chini ungekaa sentimita 10 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo, na karatasi ilikuwa imekwanguliwa mpaka mstari ulio sentimita 13 kutoka ardhini. Hapakuwa na ubishi tena. Aliamua ukingo mgumu uishie sentimita 15 kutoka ardhini, kisha sehemu kubwa ya kilichokatwa irudishwe kwa ukanda wa mpira mzito wa aina inayotumika kwenye vizuia matope vya malori, wenye upana wa sentimita tatu unaoonekana. Mpira ukigusa tuta hujikunja ukarudi. Upepo nao hautofautishi mpira na faiba maadamu mpira ni mzito wa kutosha kutopeperuka.

Kuhusu kupinda, alifanya kinyume kabisa cha yule wa kwanza. Aliishikilia spoila kwa vibano upande wa kulia na katikati tu, akaiacha ncha ya kushoto ining'inie inakotaka, kisha akaichanja kwa nyuma mahali pawili kwa msumeno mwembamba, bila kufika upande wa mbele, mpaka faiba ikalegea na kufuata fenda yenyewe bila kuvutwa. Ikiwa imekaa hivyo juu ya gari, alijaza michanjo ile kwa tabaka tatu za nyuzi na resini, akaacha ikauke usiku mzima mahali pake. Ilipotolewa asubuhi ilikuwa imelishika umbo la gari langu, na nilipoirudisha kwa mkono mmoja ilikaa bila boliti hata moja. Ufa nao aliusaga kwa nyuma ukawa mfereji wenye umbo la V, akatoboa kitundu kidogo kwenye mwisho wa kila mkono wa ufa ili usiendelee, na kuuziba kwa namna ileile. Vumbi la faiba ni baya kwa mapafu na ngozi, na nilifurahi kumwona yeye na kijana wake wakivaa barakoa na kulowanisha sehemu ya kusaga kwa kitambaa chenye maji, jambo ambalo sikuliona kwenye gereji ya kwanza.

Riveti zote ziliondolewa. Mahali pake ziliwekwa boliti tisa za milimita sita zisizoshika kutu, tano kwenye bati la chini ya bampa na mbili kila upande kwenye ukingo wa fenda, lakini matundu ya faiba yakatobolewa kwa milimita nane ili kipande kiwe na nafasi ya kutanuka juani na kutikisika bila kubanwa. Kila boliti ina washa pana ya mpira aliyoikata kwenye tyubu ya zamani, kisha washa pana ya chuma, kisha nati yenye nailoni ndani isiyolegea kwa mtikisiko. Alizikaza mpaka mpira ukaanza kuvimba pembeni, akaacha hapo. Mabati yaliyotobolewa, pamoja na matundu ya zamani ya riveti aliyoyaziba, yalipakwa praima ya zinki kabla ya kitu chochote kugusana nayo, na kwa gari la umri huu, ambalo bati lake huliwa na kutu kwa visingizio vidogo, hilo peke yake lingetosha kunifanya nimrudie. Kwenye bati alitaka kuona mstari uko sawa kwa macho, lakini hakuyaamini macho, akatumia pimamaji na uzi uliofungwa kati ya vitovu vya magurudumu mawili ya mbele.

Kulikuwa na kazi moja ambayo sikuiomba. Alinionyesha kwamba kati ya shoo na rejeta kuna nafasi wazi juu na pembeni, na kwamba upepo, ukipewa njia mbili, hupita penye nafasi na kuiacha rejeta. Aliziba nafasi hizo kwa vipande vya bati la alumini vilivyopakana na utepe wa mpira, kwa shilingi 30,000 za ziada, na akaniuliza kwanza kabla ya kukata. Kazi yote, ukiacha rangi, ilichukua siku nne na kunigharimu shilingi 290,000 pamoja na bati hizo.

Rangi sina mengi ya kuisema. Ilipulizwa kwingine kwa shilingi 90,000, nyeusi isiyong'aa, na imekubali. Mawe madogo yameitoboa hapa na pale kama inavyotarajiwa kwa kitu kilicho mbele kabisa ya gari, na rangi isiyong'aa huficha marekebisho kuliko ile ya mwili wa gari.

Matokeo nitayaeleza kwa uangalifu, kwa kuwa ni rahisi mtu aliyelipa fedha nyingi kuhisi anachotaka kuhisi. Chini ya kilomita 80 kwa saa sikuona tofauti yoyote, na atakayekuahidi nyingine asisikilizwe. Kati ya 90 na 110, mwendo ambao sikuuzidi katika majaribio yangu na ambao niliufikia tu mbali na vijiji na vibao vya 50, tofauti ni ya kweli. Usukani unabaki na uzito wake. Kupishana na basi bado kunalisukuma gari, kwa sababu huo ni upepo wa ubavuni na hakuna spoila ya mbele inayoufuta, lakini pua hurudi mahali pake yenyewe, pale ambapo zamani nililazimika kuirudisha kwa mikono. Mke wangu, ambaye huendesha tunaporudi na ambaye sikumweleza nini cha kutafuta, alisema baada ya safari ya kwanza kwamba gari "limeacha kuelea." Sikulipata neno lililo sahihi kuliko hilo.

Upande wa joto ndio ulionishangaza zaidi. Kutoka Moshi kurudi Arusha barabara hupanda mita mia kadhaa, na mchana wa Januari mshale wa joto ulikuwa na kawaida ya kusogea hadi robo tatu ninapokaribia Usa River. Tangu kazi hii ifanyike, mshale husimama juu kidogo ya katikati katika mpando uleule na saa zilezile. Siwezi kugawa sifa hiyo kati ya spoila na zile bati za kuziba nafasi, maana viliwekwa siku moja, na kwa haki ya msomaji nasema kwamba huenda bati za shilingi 30,000 zina mchango mkubwa kuliko kifaa cha dola 240. Katika msongamano wa mjini hakuna kilichobadilika, kwa kuwa hapo upepo wa rejeta hutoka kwenye feni na si kwenye mwendo. Mafuta sikuona yakipungua wala kuongezeka kwa kiasi ninachoweza kukithibitisha.

Gharama za kila siku zipo na anayefikiria kununua anapaswa kuzijua. Matuta yote yenye kingo kali navuka kwa mshazari, gurudumu moja kwanza, na hapo dereva wa nyuma huhitaji subira. Mpira hugusa mara kwa mara, hasa kwenye matuta ya vijijini yaliyojengwa kwa zege na kuachwa bila mteremko. Jeki ya magurudumu haifiki tena kwenye mhimili wa mbele kwa kupitia mbele, hivyo kila ninapobadilisha tairi lazima kwanza nipandishe gari juu ya vipande viwili vya mbao, ambavyo sasa vinakaa kwenye buti daima. Ndoano za kuvutia gari za mbele nazo zimefichika nyuma ya spoila, na gari likikwama kamba italazimika kufungwa kwa namna itakayokikwaruza kipande, jambo ambalo nilipaswa kulifikiria kabla na sikulifikiria. Kwa njia ya vumbi yenye makorongo, kama zile za kupanda mashambani Machame au Marangu wakati wa mvua, gari hili halifai tena, na kama safari zako za wiki zinaishia huko, nakushauri kwa moyo wote usinunue.

Pia breki za mbele zilihitaji kufikiriwa, kwa sababu ukuta huu unaziba sehemu ya upepo uliokuwa ukizifikia diski. Fundi alitoboa matundu mawili ya mviringo, moja kila upande, na kuyawekea wavu mwembamba wa chuma. Kwa mwendo wangu sijawahi kuona breki zikilegea kwa joto, na wavu umezuia mawe.

Wanaotaka kununua wataniuliza kama wachukue faiba au aina ya plastiki laini inayopinda. Nikiagiza leo nitachukua ile laini endapo nitaipata kwa umbo hilihili, kwa kuwa hukubali kugongwa kwa namna ambayo faiba haitaikubali kamwe. Lakini laini haiwezi kuchanjwa na kurekebishwa kwa resini kama ile ya mzee wa Unga Limited, na kipande kilichokuja kimepinda kingebaki kimepinda. Faiba ina faida kwamba fundi wa Arusha anaweza kuirekebisha, kuikata, kuiongezea na kuizaa upya kwa vifaa anavyovipata mjini. Kama una fundi wa aina hiyo, chukua faiba. Kama huna, acha kabisa mpaka umpate, na usikubali mtu yeyote atoboe tundu kwenye gari lako kabla hajapima umbali wa ukingo kutoka ardhini gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Jambo la mwisho ni mpira wa chini. Umeshaliwa sentimita moja upande wa kushoto, upande ambao huanza kuvuka matuta, na wiki iliyopita nilimpelekea mzee aubadilishe. Aliutoa kwa dakika 20, kwa kuwa aliufunga kwa skrubu zake peke yake bila kuuunganisha na boliti za spoila, akaugeuza ukingo mzima ukawa chini na uliolika ukawa juu, na kuniambia mpya hauhitajiki mpaka mwakani.